Pembezoni, kwa Penseli

Maktaba yetu hapa Wete ina nakala moja tu
ya *Sanduku la Kibla*, na watu arubaini na mmoja
wameandika majina, wanangoja zamu.
Mwenye daftari ni mimi. Nikajitanguliza,
Mungu anisamehe, nikakipeleka nyumbani chini ya buibui.

Miaka ishirini nawakaripia watoto wa skuli:
kitabu hakichorwi!
Usiku ule nikachonga penseli.

Ukurasa wa tatu: "Kila neno humu limetokea."
Nikaandika pembeni: tutaona.

Ukurasa wa arubaini: msikiti mdogo nyuma ya soko,
mihrabu yake imekwenda upande.
Kweli. Huo ni wetu.
Makka kutoka hapa ni kaskazini, kama uzi uliovutwa;
mihrabu imepinda kulia digrii kumi na moja.
Nimepima mwenyewe, siku ya kufagia kabla ya Ramadhani,
kwa dira ya mwanangu Khatib, mara tatu.

Ukurasa wa pili yake: imepindwa makusudi
na masheikh saba wa chama cha siri
ielekee sanduku la shaba lililozikwa msituni.
Uongo. Nimelaza rula juu ya ramani:
mstari unapita Konde, unaingia baharini, basi.
Na masheikh saba! Wete hii hii,
ambako watu saba hawajapata kukubaliana
hata juu ya mwezi mwandamo.

Wageni wanashuka na boti ya asubuhi, kitabu kwapani.
Wanavua viatu, hawasali.
Wanagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, wanasikiliza.
Juma lililopita imamu Faki
aliokota vipande vya plasta juu ya jamvi.
Mmoja akaniuliza: "Mama, mnaficha nini humu?"
Nikamwambia: popo.
Akaandika.

Ukurasa wa mia na sita:
jina la fundi limefutwa katika vitabu vyote.
Uongo, tena huu unaniuma.
Jina lake Shaame wa Kombo, baba wa mama yangu.
Halikufutwa. Halikuandikwa.
Nani aliyekuwa akiandika majina ya wachoma chokaa?

Masika ile, mama akihadithia huku anachambua mchele,
jua halikuonekana siku kumi na tisa.
Watu wanautaka msikiti kabla ya mfungo.
Babu akavuta uzi kwa kukisia.
Mawingu yalipofunguka kuta zimefika kifuani
na fedha za karafuu zimekwisha.
Hawakubomoa. Walipinda majamvi.
Hadi leo safu zinasimama mshazari,
ukuta huku, watu kule.
Ndiyo siri yote: mvua, na mfuko mtupu.
Nikaijaza pembeni mwa ukurasa, juu hadi chini,
kwa herufi ndogo ndogo, maana nafasi ilikuwa haba
na kitabu kile kina kurasa mia nne.

Kisha ukurasa wa mia mbili na kumi.
Mwandishi, ambaye nasikia hajapata kukanyaga Pemba,
anasema fundi alirudi usiku peke yake,
akachuchumaa ndani ya mihrabu,
akatia kiganja kwenye chokaa mbichi,
akalia.

Penseli ikasimama.
Hayo mama hakuyasema. Hakuna aliyeona.
Lakini mama alikuwa akifika hapo, pa mawingu kufunguka,
hunyamaza,
hutoa kwenye ungo mawe ambayo hayamo.

Asubuhi nikaenda msikitini na ndoo, kama wa kupiga deki.
Nikapapasa mihrabu pale chini:
chokaa juu ya chokaa, ya kila Shaabani, miaka na miaka.
Kama kiganja kipo, kimelala ndani kabisa.
Nilikunja vidole.
Sikugonga.

Kitabu nimekirudisha rafuni.
Wa kwanza kwenye daftari ni Mize Bakari, kidato cha pili,
mtoto mwenye maswali.
Atakuta mwandiko wangu kila mahali:
kweli, uongo, uongo, tutaona.
Kwenye mia mbili na kumi atakuta nimeandika, nimefuta,
nimeandika tena, nimefuta,
hata karatasi imeota vinyweleo
na neno halisomeki.